Kickstarter kwa mtengeneza filamu: sanduku imara, wachangiaji uje nao

Kickstarter, huduma ya kuchangisha fedha mtandaoni iliyoanza New York Aprili 2009, inamfaa sana mtengeneza filamu ambaye tayari ana watu wanaomfuata. Asiye nao atapoteza mwezi mzima na nguvu za timu yake. Hukumu hii tunaitanguliza kwa sababu wengi huingia wakidhani tovuti yenyewe ina umati unaosubiri kugawa hela. Umati upo, ila hukimbilia miradi ambayo tayari inasogea. Takwimu ambazo kampuni yenyewe imekuwa ikizitoa zinalingana na hilo: takriban mradi mmoja kati ya kumi hufungwa bila kupata ahadi hata moja, ilhali iliyovuka asilimia 20 ya lengo, mingi hufika. Na iliyofanikiwa, mingi imekusanya chini ya dola 10,000. Hiyo ni bajeti ya filamu fupi, ya kumalizia uhariri na sauti, au ya filamu ya makala ya watu watatu na kamera moja. Anayetafuta dola laki tatu za filamu ndefu agonge mlango mwingine.

Namna inavyofanya kazi haimtishi mtu wa pwani wala wa bara. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua ahadi ni nini: jina linaandikwa, kiasi kinaandikwa, kisha mweka hazina anampigia mtu simu hadi wiki ya mwisho. Kickstarter imechukua ahadi ile ile ikaifunga kwenye kadi ya benki. Mchangiaji anaweka namba ya kadi, hakatwi chochote, na anaweza kujitoa wakati wowote kabla ya kufunga. Kampeni ikifika siku ya mwisho na lengo limetimia, kadi zote zinakatwa kwa pamoja. Lisipotimia, hakatwi mtu hata senti, na mwenye mradi hapati kitu. Ndani ya saa 24 za mwisho kuna kizuizi kimoja kizuri: mtu hawezi kuondoa ahadi yake ikiwa kuiondoa kutaushusha mradi chini ya lengo.

Kanuni hii ya yote au hakuna ndiyo inayowakasirisha wengi, na kwa filamu sisi tunaiona ni kinga. Nusu ya bajeti ya filamu ni hatari kuliko kukosa kabisa. Ukipata nusu utapiga picha, kwa sababu kupiga picha ndiko kunakoonekana, kisha faili zitalala kwenye diski bila uhariri, bila kusawazisha sauti, bila rangi na bila manukuu. Wachangiaji watakudai filamu na wewe utakuwa huna hela ya kuimaliza. Lengo lisipofikiwa, angalau humdai mtu wala hudaiwi.

Hela yenyewe: nini kinabaki mkononi

Kampuni inachukua asilimia 5 ya fedha zilizokusanywa, ikiwa tu lengo limefikiwa. Juu yake kuna makato ya kuchakata malipo, yanayopita kwa Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Kwa miradi ya Marekani ni asilimia 3 na senti 20 kwa kila ahadi. Kwa ahadi zilizo chini ya dola 10 ni asilimia 5 na senti 5.

Tuchukue mfano. Kampeni imekusanya dola 12,000 kutoka watu 200, wastani wa dola 60 kila mmoja. Asilimia 5 ni 600. Asilimia 3 ni 360. Senti 20 mara 200 ni 40. Jumla ya makato ni dola 1,000 na zinabaki 11,000. Hiyo ni kama asilimia 8.3, nafuu inayokubalika. Lakini ahadi ndogo zinaliwa zaidi: dola 5 zinakatwa senti 55, yaani asilimia 11, dola 25 zinakatwa dola 2 na senti 20, yaani asilimia 8.8. Kwa hiyo kampeni iliyojengwa juu ya watu elfu moja wa dola tano tano inapoteza zaidi kuliko iliyojengwa juu ya watu mia mbili wa dola ishirini na tano, ingawa jumla ni ile ile.

Kisha kuna kadi zinazokataa. Katika kila kampeni baadhi ya ahadi huanguka siku ya kukata: kadi imeisha muda, benki imezuia malipo ya nje, salio halipo. Kickstarter humpa mchangiaji siku 7 za kurekebisha kadi, ikimkumbusha kwa barua pepe, na baada ya hapo ahadi inafutwa. Mwenye mradi hutumiwa fedha siku 14 baada ya kampeni kufungwa, na benki inaweza kuongeza siku kadhaa. Ukiwa umepanga kuanza kupiga picha kesho yake baada ya kufunga, utawalipa watu kwa mkopo. Acha wiki tatu katikati.

Namna salama ya kuweka lengo ni hii: chukua gharama halisi ya filamu, ongeza gharama ya zawadi na posta, kisha gawa kwa 0.9. Filamu inahitaji 9,000, zawadi na posta 1,200, jumla 10,200. Gawa kwa 0.9 unapata 11,333, basi weka 11,500. Kosa la kawaida ni kuandika 9,000 palepale. Makato yakiondoka na vifurushi vikitumwa, filamu inabaki na elfu saba na ushei, na kinachokatwa kwanza siku zote ni sauti, kitu ambacho mtazamaji hakisamehe.

Katika gharama hizo usisahau vibali. Kupiga picha Tanzania kunahitaji kibali cha Bodi ya Filamu; Kenya ni leseni ya KFCB, bodi ya kuainisha filamu ya huko. Mchangiaji aliye Toronto hajui hilo na hatakuuliza. Bajeti ndiyo itakayokuuliza.

Mlango uliofungwa kwa Afrika

Hapa ndipo huduma hii inapokosa alama nyingi kwetu. Mtu wa nchi yoyote yenye kadi inayokubalika anaweza kuchangia, lakini kufungua mradi kunaruhusiwa kwa wakazi wa nchi zilizoorodheshwa tu: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, nchi nyingi za Ulaya Magharibi, Japani, Mexico, Singapore na nyingine chache. Hakuna nchi hata moja ya Afrika. Mwenye mradi lazima awe na umri wa miaka 18 au zaidi, awe mkazi wa kudumu wa nchi hiyo, awe na anwani, akaunti ya benki ya hapo hapo na kitambulisho cha serikali. Kampuni iliyosajiliwa huko nayo inaruhusiwa. Kutumia anwani ya kuazima au kuingia kwa njia za kujificha hakusaidii, maana uhakiki wa jina na benki hufanyika kabla ya kampeni kuwekwa hewani.

Njia iliyobaki ni kushirikiana na mtu au kampuni ya diaspora, au mtayarishaji mwenza wa huko. Inafanya kazi, na mfano unaojulikana zaidi katika ukanda wetu ni Wakaliwood ya Kampala. Machi 2015 studio hiyo ya Nabwana I.G.G., iliyoko Wakaliga, ilifungua kampeni ikiomba dola 160 tu, na ikafunga ikiwa na zaidi ya dola 13,000 kutoka watu zaidi ya 370. Siri haikuwa Kickstarter. Trela ya filamu yao Who Killed Captain Alex? ilikuwa imezunguka YouTube tangu 2010, mashabiki walikuwa wamejikusanya wenyewe Ulaya na Marekani, na studio ilikuwa na Alan Hofmanis, Mmarekani aliyehamia Kampala kufanya kazi nao. Kampeni ilikuja kuvuna kilichokwisha kupandwa kwa miaka mitano.

Lengo la dola 160 nalo lisiigwe bila kufikiri. Lengo dogo hutimia saa ile ile, na baada ya hapo kila atakayekuja anajua hela yake haitarudi. Kwa studio inayotengeneza filamu kwa chini ya dola mia mbili, sawa. Kwa anayehitaji elfu nane kwa kweli, ni mtego: ukiishia na mia tisa, umefanikiwa kisheria na unadaiwa filamu nzima.

Ukishirikiana na mtu wa nje, andikeni mkataba kabla hata ya kufungua akaunti. Mbele ya Kickstarter na mbele ya mamlaka ya kodi ya nchi ile, mwenye mradi ni yule mwenye jina kwenye akaunti. Fedha zikiingia benki kwake zinahesabika kuwa mapato yake. Marekani taarifa ya malipo hayo huweza kufika kwa mamlaka ya kodi, na atapaswa kuonyesha gharama za filamu ili asitozwe kodi ya kiasi chote. Kwa hiyo atahitaji risiti zenu: za usafiri, chakula cha timu, kukodi kamera, malipo ya waigizaji. Karatasi ya daftari iliyoandikwa «matumizi mengine» haitamsaidia. Epukeni pia kufunga kampeni Desemba, maana mapato yataingia mwaka mmoja na matumizi mwaka unaofuata, na kodi itahesabiwa kana kwamba hamkutumia kitu. Funga mwishoni mwa Februari au Machi, uwe na miezi ya kutosha ya kutumia ndani ya mwaka ule ule.

Mkataba useme mambo manne bila kuzungukazunguka: haki za filamu ni za nani, fedha zitatumwa kwa awamu zipi na kwa akaunti gani, nani anatuma zawadi, na nani anajibu wachangiaji filamu ikichelewa. Hilo la mwisho ndilo huvunja urafiki. Mwenye akaunti yuko Minneapolis au Leicester, anaamka na maswali thelathini kuhusu filamu ambayo mhariri wake yuko Tanga na hapokei simu.

Na kutuma hela kwa simu hakufai kwa kiasi hiki. M-Pesa ya Kenya inaruhusu salio lisilozidi shilingi 500,000 na muamala mmoja usiozidi 250,000, wakati dola 11,000 ni zaidi ya shilingi milioni moja. Kukatakata kwenye laini za ndugu watano ni njia ya kupoteza kumbukumbu zote. Tumieni akaunti ya benki ya kampuni, na simu ibaki kwa malipo ya kila siku ya eneo la kazi.

Zawadi ndiko hela inakovujia

Kickstarter hairuhusu kuahidi mgao wa faida, wala bahati nasibu, wala kuchangisha kwa ajili ya hisani. Mchangiaji anapata zawadi na shukrani, basi. Kwa hiyo ubora wa kampeni unategemea zawadi, na watu wa filamu huchagua vibaya karibu kila mara: fulana, vikombe, kofia.

Fulana ina saizi sita, rangi mbili, na posta ya nchi ishirini. Kuituma moja kutoka Dar hadi Ujerumani kwa njia inayofuatiliwa kunaweza kuzidi bei ya fulana yenyewe. Mtu aliyetoa dola 30 akipewa fulana, filamu imebaki na vijisenti. Zawadi zinazofaa ni zile zisizo na uzito: filamu yenyewe kwa kiungo, jina kwenye orodha ya mwisho, hati ya filamu yenye maandishi ya mwongozaji pembeni, rekodi ya muziki wa filamu ikiwa haki mnazo, mazungumzo ya video na timu kwa kundi la watu kumi. Kitu kimoja cha kushikika kinatosha, bango lililokunjwa ndani ya mche wa karatasi, na liwekwe kwenye ahadi ya dola 60 kwenda juu, posta ikitozwa kando kulingana na nchi. Mfumo unaruhusu kuweka bei ya posta kwa kila nchi. Itumieni nafasi hiyo, msiandike posta bure.

Kwa miaka mingi kiasi kilichochaguliwa na wengi kimekuwa dola 25. Basi filamu yenyewe iwekwe hapo. Kampeni zinazoficha filamu kwenye dola 50 na kuacha dola 25 kwa barua ya shukrani zinajikata miguu. Angalieni pia kwamba zawadi ambayo mtu amekwisha kuichagua haibadilishwi tena, kwa hiyo someni kila mstari kabla ya kuweka hewani.

Kabla ya kuahidi filamu kwa tarehe, fikirieni msambazaji na matamasha. Tamasha kubwa hutaka filamu isiwe imeonekana hadharani, na msambazaji hutaka haki za peke yake kwa muda fulani. Ukishawaahidi watu 200 kiungo mwezi Juni na tamasha ni Oktoba, utavunja ahadi mojawapo. Sentensi inayookoa ni fupi: «Kiungo kitatumwa baada ya onyesho la kwanza la tamasha, na si zaidi ya miezi 18 tangu kampeni kufungwa.» Iandikwe kwenye zawadi yenyewe, siyo kwenye maswali ya chini ambayo hayasomwi.

Hata wenye nguvu wameteleza hapa. Kampeni ya filamu ya Veronica Mars, iliyotokana na tamthilia ya televisheni ya Marekani, ya Machi 2013 iliomba dola milioni 2, ikazipata ndani ya saa chache, ikafunga na zaidi ya milioni 5.7 kutoka watu zaidi ya 91,000. Filamu ikatoka Machi 2014 kama ilivyoahidiwa. Malalamiko yakaja kwenye kitu kidogo: nakala ya kidijitali ilitolewa kupitia tovuti ya Flixster na UltraViolet, mfumo wa kuhifadhi filamu mtandaoni, ambao wachangiaji wengi hawakuutaka na baadhi hawakuweza kuufungua. Warner Bros., studio ya filamu hiyo, ikaishia kuwarudishia hela waliolazimika kununua nakala kwingine. UltraViolet yenyewe ilifungwa Julai 2019. Toeni faili la kupakua, lisilotegemea uhai wa kampuni nyingine.

Na faili hilo liwe zaidi ya moja. Filamu ya dakika 90 katika ubora wa 1080p, kwa megabiti 5 kwa sekunde, ni takriban GB 3.4. Mchangiaji wa Oslo hatahisi kitu. Ndugu wa Mwanza au Bujumbura anayetazama kwa bando la simu hataimaliza, na akijaribu mara mbili bando limekwisha. Tengenezeni nakala ya pili ya ubora mdogo, 480p, kwa megabiti 1 kwa sekunde, itakayokuwa kama MB 675, na manukuu yachomwe ndani ya picha, kwa sababu simu nyingi hazisomi faili la manukuu lililo kando. Kazi yote ni ya saa moja kwenye kompyuta ya mhariri, na kwa watu wetu ndiyo tofauti ya kuiona filamu na kutoiona.

Siku thelathini za kazi

Mfumo unaruhusu hadi siku 60, ila siku 30 zinatosha. Kampeni ndefu haikusanyi zaidi. Ahadi huja kwa wingi siku za mwanzo na za mwisho, katikati panakuwa pakavu, na ukirefusha unarefusha ukavu tu.

Kazi yenyewe inaanza miezi miwili kabla. Kickstarter inatoa ukurasa wa awali wenye kitufe cha kuomba kujulishwa siku ya kuzindua. Uwekeni mapema na elekezeni kila mtu hapo. Pangeni kwa hesabu kali: mkihitaji wachangiaji 200, na mkikadiria kuwa mmoja kati ya ishirini wa orodha yenu ndiye atakayetoa, mnahitaji anwani 4,000 za watu wanaowajua. Wafuasi wa Instagram wasihesabiwe kwa uzito huo. Wengi wao hawana kadi, na wanaopenda picha hawalipi kwa kupenda picha. Kundi la WhatsApp la Watanzania wa Houston lenye watu 150 wanaojuana lina thamani zaidi ya wafuasi elfu kumi. Siku mbili za kwanza lengeni asilimia 30 ya lengo, zote kutoka kwa watu mliozungumza nao mmoja mmoja kabla. Msitie hela zenu wenyewe kwenye mradi wenu kuusukuma, maana kanuni zinakataza.

Kichwa cha mradi kina nafasi ya herufi 60, na maelezo mafupi herufi 135. Maelezo hayo ndiyo yanayoonekana kwenye orodha na yanaposambazwa, basi yaseme filamu inahusu nini, siyo mnavyoota. Video ya kampeni iwe ya dakika mbili hadi tatu: picha za filamu zitangulie, mwongozaji aje baada ya sekunde ishirini, na kiasi kinachohitajika kitajwe kabla ya dakika ya pili. Tovuti haina Kiswahili miongoni mwa lugha zake, na wachangiaji wengi watakuwa wageni, kwa hiyo filamu ya Kiswahili iwe na manukuu ya Kiingereza yaliyofanywa na mtu anayezijua lugha zote mbili vizuri. Manukuu ya mashine huonekana mara moja na huua imani. Ukurasa nao uandikwe kwa lugha mbili, Kiswahili kikiwa kifupi chini. Shangazi aliye Muscat akifungua apate mahali pa kusoma.

Wachangiaji wa Afrika Mashariki wanahitaji maelezo ya ziada, maana malipo ya simu hayakubaliwi moja kwa moja. Kenya, tangu Juni 2022, M-Pesa ina kadi ya mtandaoni ya Visa iitwayo GlobalPay, inayokata kwenye salio la M-Pesa. Tatizo ni lile la ahadi: Kickstarter inakata siku ya kufunga, wiki tatu baada ya mtu kuahidi, na salio la simu halikai wiki tatu. Wakumbusheni wenye kadi za namna hiyo siku mbili kabla ya kufunga waweke kiasi chote na ziada kidogo, kwa sababu mradi huhesabiwa kwa sarafu ya nchi ya mwenye akaunti na kiwango cha kubadili hupanda na kushuka.

Jiandaeni pia kwa jumbe za matapeli. Saa chache baada ya kuzindua, sanduku litajaa watu wanaojiita wataalamu wa matangazo, wakiahidi wachangiaji mia tano kwa malipo ya awali. Wengine hutoa ahadi ya dola moja ili tu wapate njia ya kuwaandikia. Hakuna wa kujibiwa. Hela ya tangazo itumike kumlipa mtu wa kuwaandikia wachangiaji.

Baada ya kufunga

Kickstarter hairudishi hela za watu. Mkataba uko kati ya mchangiaji na mwenye mradi, na kanuni zinamtaka mwenye mradi akikwama aeleze fedha zilivyotumika na arudishe zilizobaki. Uchunguzi wa Ethan Mollick wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania uliotolewa 2015, uliowahoji wachangiaji wapatao 47,000, ulikuta asilimia 9 ya miradi iliyofanikiwa kuchangisha haikutoa zawadi ilizoahidi. Kuchelewa ni kwa kawaida zaidi, na kwa filamu karibu hakukwepeki. Kinachowaudhi watu ni ukimya. Andikeni taarifa moja kila mwezi, hata ya aya mbili, yenye picha moja ya kazi: siku ya kupiga picha imekwisha, mhariri amemaliza dakika arobaini, muziki umechelewa kwa sababu hii. Ukurasa wa kampeni iliyofanikiwa haufutwi, na malalamiko yaliyoachwa chini yake yatasomwa na kila atakayewafikiria kwa filamu ijayo.

Jambo jipya lililoongeza alama kwa huduma hii ni ahadi za kuchelewa, zilizofunguliwa kwa wenye miradi 2024: kampeni iliyofanikiwa inaweza kuendelea kupokea fedha baada ya kufunga, na hapo kadi hukatwa papo hapo. Kwa wachangiaji wetu wa kadi za simu hii ni bora kuliko ahadi ya kawaida, na mwenye akili atawaelekeza huko waliokataliwa kadi ndani ya zile siku 7.

Kwa anayelinganisha: Indiegogo, iliyoanza 2008, ilijipatia jina kwa kumwachia mwenye mradi alichokusanya hata lengo lisipofikiwa, kitu kinachofaa ukiwa filamu imekwisha pigwa na unatafuta cha kuongezea tu. Mwaka 2025 ilinunuliwa na Gamefound, kampuni ya Poland ya michezo ya mezani, basi someni masharti yake upya kabla ya kuingia. Seed&Spark imejikita kwenye filamu na hutoa fedha mradi ukifikia asilimia 80 ya lengo, ila umati wake ni mdogo. Na kwa filamu ambayo wachangiaji wake wote wako Nairobi, Nakuru na Mombasa, hakuna sababu ya kwenda Kickstarter. M-Changa ya Kenya inapokea M-Pesa moja kwa moja, fedha zinakatwa palepale mtu anapotoa, na mwenye mradi hahitaji mkazi wa nje. Hakuna kanuni ya yote au hakuna ya kuwalinda wachangiaji hapo, kwa hiyo ukurasa wake uandikwe wazi kitakachofanyika ikipatikana nusu: filamu fupi badala ya ndefu, au hela kurudi kwa namba zilizotoa.